Kupiga Picha za Uchumba na Harusi: Hatua kwa Hatua, Kuanzia Mkataba hadi Albamu

Pete huvalishwa mara moja. Kadi ikijaa wakati huo, betri ikizima, au mgeni akiinuka mbele yako na simu yake hewani, huna wa kumwomba arudie. Ndiyo maana wapigapicha wazoefu wa harusi huonekana kama watu wenye hofu. Kila kifaa wanacho mara mbili, kila nusu saa ya ratiba wameihesabu, na swali lao la kwanza kwa mteja ni umbali kati ya mahali pa kufungia ndoa na ukumbi. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe.

Kabla ya kukubali kazi

Kama hujawahi kupiga harusi, ingia kwanza kama mpigapicha wa pili katika harusi za wenzako, tano au sita. Huko unapiga bila mzigo wa kuulizwa picha za mama mzazi ziko wapi, na unaona jinsi ratiba inavyovurugika, maana huvurugika kila mara.

Mteja akipiga simu, yaandike haya kabla hujataja bei: tarehe, saa ya kuanza na ya kuondoka, maeneo ni mangapi na yako mbali kiasi gani, wageni wangapi, ndoa inafungwa ndani au nje, flashi inaruhusiwa au la, wapiga video wapo au hawapo, na nani atakayeshika ratiba siku hiyo. Bei ijengwe juu ya saa zako zote. Harusi ya muda wa saa 8 ina siku mbili tatu nyingine za mezani za kuchambua, kuhariri na kupanga albamu. Anayesahau hilo hugundua mwisho wa msimu kwamba alikuwa akifanya kazi bure.

Andika mkataba hata kama mteja ni binamu yako. Hasa kama ni binamu yako. Mkataba utaje saa za kazi na malipo ya kila saa ya ziada; kianzio (theluthi au nusu) ambacho ndicho kinachofunga tarehe; salio linalipwa lini, na bora liishe kabla ya siku yenyewe; picha ngapi kwa makadirio na zitatoka baada ya wiki ngapi; sherehe ikiahirishwa inakuwaje; ukiugua nani atakuja badala yako; na kama una ruhusa ya kutumia picha hizo kujitangaza. Weka pia kifungu kinachosema wazi kwamba faili ghafi (RAW, picha kama kamera ilivyozirekodi kabla ya kuhaririwa) hazitolewi, kwa sababu kuna mteja atakayeziomba, na bila maandishi mabishano hayo hayaishi.

Vifaa

Bodi mbili za kamera (kamera yenyewe bila lenzi), na zote ziwe na nafasi mbili za kadi. Panga kamera iandike picha ileile kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Kadi huharibika bila kutoa taarifa, na hakuna msamaha utakaomtosha bibi harusi ambaye picha zake za kiapo zimepotea. Kama uwezo wako ni wa bodi moja tu, azima au kodi ya pili. Kwenda na moja ni kucheza kamari na siku ya mtu mwingine.

Lenzi mbili zinatosha kufanya kazi nzima: ya milimita 24–70 yenye f/2.8 (f ni uwazi wa lenzi: namba ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi huingia), na ya 70–200 yenye f/2.8. Wengine hupenda lenzi zisizovuta, 35 kwenye bodi moja na 85 kwenye nyingine, zenye f/1.8 au namba ndogo zaidi. Ni nyepesi na zinameza mwanga vizuri ukumbini, lakini utatembea sana, na mahali ambapo huruhusiwi kusogea zitakuacha mbali. Epuka kupiga watu kwa milimita 24 au chini wakiwa pembeni mwa fremu: mtu wa mwisho kwenye mstari ananenepa na kichwa kinavutika, na atakulaumu wewe, hatailaumu lenzi.

Flashi mbili, kitumaji cha kuziwasha kwa mbali, na stendi moja au mbili zenye mfuko wa mchanga mguuni. Flashi nyingi hula betri nne za AA. Chukua za kuchaji, seti tatu kwa kila flashi. Betri za kamera chukua nne kwa kila bodi. Faili ghafi moja ya kamera ya megapikseli 24 ina takribani MB 30, hivyo kadi ya GB 64 hubeba picha kama 2,000. Usinunue kadi moja kubwa ya siku nzima. Kadi kadhaa za ukubwa huo ni salama zaidi, na zote zifutwe ndani ya kamera yenyewe usiku wa kuamkia kazi, baada ya kuhakikisha mara mbili kwamba zilizomo zimeshahifadhiwa.

Kuna jambo dogo linalosahaulika: saa za kamera. Fungua saa ya simu inayoonyesha sekunde, kisha kila kamera, ikiwemo ya mpigapicha wa pili, ipige picha ya simu hiyo. Saa zikitofautiana kwa dakika 7, utajikuta kwenye kompyuta busu linatangulia kiapo, na utapoteza nusu siku kupanga upya. Ukiwa na zile picha za saa unarekebisha tofauti kwa amri moja.

Picha za uchumba

Kipindi hiki kina faida kubwa kuliko picha zake. Ndipo wachumba wanapojifunza kusimama mbele ya kamera yako, nawe unajua nani hufumba macho akicheka na nani hukaza mdomo. Tenga dakika 60 hadi 90, nguo jozi mbili, mahali pamoja au pawili palipo karibu. Anza saa moja na nusu kabla ya jua kuzama. Mwanga ukiwa wa ubavuni na laini, makosa mengi hujificha yenyewe.

Dakika 15 za kwanza huwa ngumu, kwa hiyo usizitegemee. Waambie watembee kuelekea kwako wakizungumza, wasikutazame. Piga kwa kasi ya shata (pazia la kamera) ya 1/250 ya sekunde au ya haraka zaidi kwa sababu wanasogea. Wakisimama, mwambie kila mmoja aweke uzito kwenye mguu wa nyuma, aachie mabega, na apate kazi ya mikono: mfukoni, kiunoni kwa mwenzake, kwenye kola. Mikono inayoning'inia bila kazi ndiyo inayoharibu picha nyingi za wachumba, na mpigapicha mchanga huigundua akiwa nyumbani. Pia usiseme "tabasamu". Mwambie mmoja amnong'oneze mwenzake sikioni jambo la kipuuzi, halafu subiri sekunde mbili. Picha iko kwenye sekunde ya tatu.

Ukipiga kwa lenzi ya 85 katika f/1.4 ukiwa mita 2 kutoka kwao, eneo lililo kali ni sentimita 4 hadi 5 tu. Jicho la mmoja litakuwa kali na la mwenzake litafifia. Kwa watu wawili nenda f/2.8, au wapange nyuso zao ziwe kwenye umbali mmoja kutoka kwako.

Kama ni posa ya kushtukiza, kazi inabadilika. Fika siku ya kabla, saa ileile, uone jua linatoka wapi. Kubaliana na mhusika mahali hasa pa kupiga goti, pawe na alama asiyoweza kuikosea: benchi, mti, nguzo. Mwambie apige chini goti lililo upande wa kamera, ili mguu ulioinuka usimkinge kifua. Kijisanduku cha pete kikae chini ya kidevu, kisifunike uso. Na akishauliza swali abaki chini akihesabu polepole hadi kumi. Wengi husimama haraka kwa wasiwasi na picha inaishia kuwa ya mgongo wa mtu. Wewe kaa mita 15 hadi 20 na lenzi ya 70–200, 1/500, upigaji mfululizo, mlio wa shata umezimwa. Elekeza fokasi (ukali wa picha) kwa anayeulizwa. Anayeuliza anajua kinachokuja. Mshangao uko kwa mwenzake.

Ratiba na orodha ya makundi

Wiki mbili kabla, kaa na maharusi muandike ratiba ya picha. Maandalizi yapewe dakika 90. Picha za maharusi peke yao dakika 40, na ukipata 20 nyingine karibu na machweo, zichukue. Picha za familia hesabu dakika 3 kwa kila kundi: makundi 10 ni nusu saa, makundi 25 ni zaidi ya saa nzima, na wageni watakuwa wamekaa na njaa. Washauri maharusi wabaki na makundi 8 hadi 12. Kila kundi liandikwe kwa majina, kwa sababu "familia ya bwana harusi" inaweza kuwa watu 6 au 60. Omba pia wakupe mtu mmoja wa kila upande anayejua ndugu kwa sura na mwenye sauti ya kuita. Mtu huyo ana thamani kuliko lenzi yoyote.

Uliza kimya kimya kama kuna wazazi waliotengana au ndugu wasiozungumza. Ukiwapanga bega kwa bega mbele ya watu, hutasahaulika.

Maandalizi

Chumba cha kuvalia huwa kimejaa mifuko, chaja na sahani. Chagua kona moja yenye dirisha, isafishe, na fanya kazi hapo. Zima taa za chumba. Mwanga wa dirisha uko karibu na kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,500 na wa balbu za njano karibu na 3,000. Vikichanganyika, shavu moja la bibi harusi linakuwa la buluu na jingine la machungwa, na hakuna uhariri unaolinyoosha hilo bila kuacha alama. Mweke akitazama dirisha kwa pembe, wewe ukiwa ubavuni mwake.

Gauni, viatu, mwaliko na pete vipigwe mapema, vikiwa pamoja. Pete ifute kwanza kwa kitambaa laini: alama za vidole usizoziona kwa macho hujaza picha nzima ukikaribia. Tumia f/8 au f/11, kwa sababu ukiwa karibu hivyo hata unene wa pete hauenei kwenye ukali wa f/2.8.

Sasa suala la vipimo. Kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaza fremu, hupunguza mwanga na uso unazama, hasa wenye ngozi nyeusi. Suti nyeusi ikijaza, huongeza mwanga na uso unaungua. Njia rahisi ni kuweka vipimo vya kamera kwa mkono, ukipima uso. Kamera ikijipimia yenyewe, ongeza theluthi mbili hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili) kwa gauni, punguza kiasi hichohicho kwa suti. Washa onyo la sehemu zilizoungua. Vidoa vidogo kwenye ukingo wa gauni vinarudishika katika faili ghafi, lakini kifua kizima kikimetameta, shusha. Ngozi nyeusi hupendeza kwa chanzo kipana cha mwanga kinachotoka ubavuni, kama dirisha kubwa au ukuta mweupe unaorudisha mwanga. Flashi ya kupiga usoni moja kwa moja huacha doa la mng'ao kwenye paji na kuua umbo la uso.

Wakati wa kufunga ndoa

Fika dakika 45 kabla ukaonane na mfungishaji. Muulize usimame wapi, flashi inaruhusiwa wakati gani, na umwombe asogee hatua mbili pembeni kabla ya busu, kama busu lipo. Ombi hilo la sekunde kumi huokoa picha kubwa ya siku. Usipoliomba, kichwa chake kitakuwa katikati ya maharusi milele.

Pigeni kwa pande mbili: mmoja mbele pembeni, mwingine nyuma na lenzi ndefu. Maharusi wakiingia wanatembea kukuelekea, kwa hiyo 1/250 na fokasi ya kufuatilia. Wakiwa wamesimama, 1/160 inatosha. ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ipande tu, 3200 au 6400. Chembechembe zinazotokea hapo kwenye picha hazijawahi kumliza mtu, lakini picha iliyotikisika haina dawa.

Kwenye pete, usilenge mikono pekee. Piga fremu mbili za karibu, kisha panua upate nyuso. Pete mara nyingi hukwama kwenye kifundo cha kidole, wanaanza kucheka, mmoja anasukuma na mwingine anakunja kidole. Hapo ndipo penye picha, na ndipo wengi wanapokuwa wameshateremsha kamera. Endelea mpaka pete ifike shinani na mikono iachane.

Simu za wageni zikizuia njia, usizozane na mtu. Mwombe mshereheshaji mapema atangaze kwamba njia ya katikati iachwe wazi.

Makundi ya familia

Anza na kundi kubwa kabisa, kisha punguza watu ukielekea lililo dogo, ili wazee na watoto waondoke mapema. Tafuta kivuli chenye mwanga sawa. Chini ya mti wenye majani machache jua hudondoka kwa mabaka na nyuso huwa kama chui. Mistari miwili, f/5.6, mitatu au zaidi, f/8. Lenga macho ya mstari wa mbele ukiwa na mistari miwili, wa pili ukiwa na minne. Sogeza mistari ikaribiane. Ukisimama juu ya kiti au ngazi, nyuso zote zinainuka na videvu vinapungua.

Kuhusu macho yaliyofumba, kuna hesabu iliyowapa Nic Svenson na Piers Barnes wa CSIRO, Australia, tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2006. Kwa kundi la watu chini ya 20, gawanya idadi yao kwa 3 palipo na mwanga mzuri, kwa 2 palipo na mwanga hafifu, na jibu ndilo idadi ya picha za kupiga ili upate moja ambayo wote wako macho. Watu 15 juani, picha 5. Inachekesha, lakini inafanya kazi.

Ukumbini usiku

Dari likiwa jeupe na si zaidi ya mita 3 au 4, geuza kichwa cha flashi juu na nyuma kidogo ya bega lako. Dari lote linakuwa taa. Dari likiwa la mbao, jeusi au refu, mbinu hiyo inakufa: rangi ya mbao inashukia nyuso, au mwanga hauwafikii kabisa. Hapo weka flashi mbili kwenye stendi katika kona mbili zinazotazamana za eneo la kucheza, urefu wa mita 2 na zaidi, nguvu 1/16 au 1/8. Anza na ISO 1600, f/3.2, 1/125, kisha rekebisha. Kumbuka mtu akiwa mbali mara mbili na flashi hupata robo tu ya mwanga, kwa hiyo aliye jirani na stendi ataungua. Wafuate wachezaji wa katikati.

Taa za LED zina ugonjwa wake: michirizi ya giza inayokata picha. Taa zinazofuata umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, na wa hezi 60 mara 120. Tumia 1/50 au 1/100 kwa umeme wa kwanza, 1/60 au 1/125 kwa wa pili, na shata ya mitambo, kwani ile ya kielektroniki huizidisha. Taa za jukwaani nyingine hupepesa kwa mwendo wake zenyewe. Piga picha tano za majaribio kabla wageni hawajaingia. Mionzi ya leza ya DJ nayo isielekee kwenye lenzi, kwa kuwa inaweza kuchoma kihisi cha kamera moja kwa moja.

Ukumbi mtupu, keki na meza vipigwe kabla ya milango kufunguliwa. Una dakika kumi, labda.

Usiku uleule na wiki zinazofuata

Usilale kabla ya kunakili. Kadi moja ya kila jozi iingie kwenye kompyuta, kisha diski ya nje. Nakala ya tatu iwe nje ya nyumba, iwe kwenye wingu au kwa mtu unayemwamini. Fungua picha kadhaa za mwanzo, katikati na mwisho uone kama zinafunguka kweli; idadi ya faili peke yake si ushahidi.

Chambua kwa mizunguko mitatu: wa kwanza toa zilizotikisika na zilizofumba macho, wa pili bakiza moja katika kila tano zinazofanana, wa tatu uangalie kama hadithi ya siku ina pengo. Kutoka picha 3,000, kutoa 500 hadi 700 ni sawa kwa siku nzima. Kumpa mteja zote ni kumhamishia kazi yako. Rangi zihaririwe kwa mafungu ya mwanga: dirisha pamoja, nje pamoja, ukumbi pamoja. Chunusi ya siku hiyo ondoa. Alama ya kuzaliwa, mikunjo na rangi ya ngozi viache kama vilivyo.

Tuma picha 20 hadi 30 ndani ya saa 48, watu wakiwa bado na hamu. Zilizobaki zitoke kwa tarehe ya mkataba, JPEG, rangi za sRGB (mfumo wa rangi ambao skrini nyingi husoma). Albamu ya kurasa za sentimita 30 kwa 30 inahitaji pikseli 3,543 kila upande kwa chapa ya nukta 300 kwa inchi. Picha inayotandazwa kurasa mbili inafika takribani megapikseli 25, kwa hiyo usiipunguze mno kwa kukata. Usiweke sura katikati ya mkunjo. Mteja asaini mchoro wa albamu kabla ya kwenda kiwandani, na majina ayasome yeye mwenyewe, herufi kwa herufi.

Kadi za ile harusi zisifutwe mpaka nakala zote tatu zimethibitishwa na mteja amepokea picha zake.